Vidonge vya Chokaa

Mfupa wa paja la kuku ulipinda. Martha alitaka kuuvunja apate kunyonya uboho, ukajikunja kama mpira. Akacheka, akamwonyesha mumewe. Nikodemo Mbonile, mganga wa zahanati ya kijiji kipya cha ujamaa karibu na Mpui, hakucheka. Chuoni Mbeya waliwahi kuloweka mfupa kwenye siki siku kadhaa: chokaa ikatoka, zikabaki nyuzi laini tu, mfupa ukafungika fundo. Lakini kuku huyu alichinjwa asubuhi ile ile, siki ya wapi?

Akasema kuku alikuwa mgonjwa. Msomi hakosi jibu, Mungu amsamehe.

Martha alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za mwanzo zilitoka, na hii waliilea roho mkononi. Wiki ile jino lake liling'oka kwa kutafuna ugali, kisha miguu ikaanza kupinda. Nikodemo akamweleza kwamba mifupa ya mtoto huanza ikiwa gegedu, laini kama sikio, halafu damu hupenya ndani, zikaja chembe za kujenga, na chokaa ikajaa kidogo kidogo. Isipotosha, mtoto huchukua ya mama. Basi akamletea vidonge vya chokaa, viwili asubuhi, viwili jioni, kikombe cha maji akimshikia mwenyewe.

Alivyozidi kumeza ndivyo alivyozidi kulegea.

Halafu ile harufu. Chuma cha moto na makaa, mchana kweupe, jiko limezimwa. Na ukutani nyuma ya kitanda kitu kilikuwa kikisaga, kikinyamaza Nikodemo akiingia, kikianza tena akigeuka, polepole, bila kuchoka, kama mtu atafunaye gegedu, hata ikawa hawezi kukaa zahanati robo saa bila kukimbia nyumbani kumshika mkewe miguu aone kama bado ina mifupa.

Ndipo akamwita Mama Cornelia, mkunga, ambaye babu zake walikuwa wahunzi. Mama akaona tundu ukutani, pale Martha alipokuwa akikwangua udongo na kuula, kama wajawazito walavyo. Akauliza ulitoka wapi. Nikodemo akakiri kwamba wakati wa kampeni ya nyumba bora vijana walibomoa ilungu, lile tanuri la kale la kuyeyushia chuma kule mtoni, wakakandika ukuta huu kwa udongo wake, maana ulikuwa tayari umelainishwa na mvua za miaka na kazi ilikuwa ya haraka. Mama Cornelia akakaa chini.

"Mle wazee walimfunga jini," alinong'ona. "Ni moto mtupu, hana hata mfupa mmoja. Anautaka mwili."

"Mke wangu amekula udongo tu, mama."

"Udongo ndio uliomwingiza. Na hivyo vidonge, daktari, unamlisha nani?"

Nikodemo aliona aibu mpaka machozi yakamlenga.

Jioni ile wakabomoa ukuta na kurudisha udongo wote mtoni. Mama akamfukiza Martha majani mpaka akatapika kitu cheusi kilichonuka kutu. Vidonge vikatupwa chooni. Kusaga kukakoma. Mwezi mzima nyumba ikawa kimya, ila Nikodemo hakutulia. Alikula amesimama, akitega sikio.

Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kiume, mzito, wala hakulia. Mama Cornelia alimpangusa kichwa, mkono ukasimama pale pale.

"Daktari," akasema kwa sauti ya chini, "utosi wa mtoto hufunga lini?"

"Mwaka na nusu hivi. Kwa nini?"

Akauchukua mkono wa Nikodemo, akauweka juu ya kichwa cha mtoto. Nikodemo akapapasa mbele, akapapasa nyuma, akatafuta ule ulaini unaodundadunda, akatafuta nyufa ambazo kila fuvu changa huzaliwa nazo, na kote palikuwa pagumu, pameungana kama kichwa cha mzee, na pa moto kiasi kwamba vidole vilimchoma. Na mtoto alikuwa macho, akimtazama kwa utulivu.

Kitandani Martha alikuwa analia kwa furaha, mikono ameinyoosha.

"Nipeni mwanangu," akasema. "Mbona mnamshikilia?"

Alikuwa amemsubiri miaka sita. Nikodemo akampa.