Mkono Ndani ya Trei

Kila Jumamosi, akishafua sare za shule na kuzianika, Chiriku alikwenda studio kwa shangazi yake, fundi picha. Jina hilo alipewa kwa kuongea kwake. Hata homa haikumnyamazisha. Lakini Jumamosi hii alikuwa kimya, na alikuwa na sababu.

Leo ndiyo siku aliyoahidiwa kufundishwa kutengeneza picha bila kamera. Jana yake, alipopitia studio akitoka shule, mchana kweupe, shangazi alipotoka kidogo, kiherehere kilimshika akafungua boksi la karatasi za picha alilokatazwa. Aliweka kiganja juu ya karatasi ya kwanza, akaiona nyeupe tu, akafunga. Nani angejua?

Chumba cha giza kilimtisha. Nyuma ya mlango bado ilining'inia aproni ndogo ya binti wa shangazi, aliyefariki mwaka juzi akiwa na miaka kumi, umri wa Chiriku. Chini ya taa nyekundu ilionekana kana kwamba kuna mtu ndani yake.

Shangazi alimweleza kwamba watapanga majani juu ya karatasi, wawashe taa nyeupe kidogo, kisha waioshe kwa dawa. Palipopata mwanga patakuwa peusi, penye kivuli patabaki peupe. Ila kwanza alitaka kujua kama karatasi bado ni nzima, basi akatumbukiza ile ya juu kwenye trei ya dawa bila kuimulika. Ikibaki nyeupe, mambo safi.

Haikubaki nyeupe. Weusi uliingia kutoka pembeni, na katikati ukajitokeza mkono mdogo, vidole vimetanuka. Nywele zilimsimama Chiriku.

"Mwanangu," shangazi alinong'ona, na hakuwa akimwita yeye. "Umekuja kumwona mama."

Akalia huku anacheka. Akasema ataitia fremu, aitundike juu ya kitanda, aisalimie kila asubuhi. Chiriku akautazama ule mkono tena. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda, sawasawa na chake alichovunja akiwa chekechea. Akinyamaza, shangazi atafurahi na yeye atapona. Lakini kila asubuhi, shangazi angekuwa anausalimia mkono wake yeye.

"Shangazi, huo ni wangu. Jana nilifungua boksi."

Shangazi aliushika mkono wa Chiriku, akaulinganisha na ule wa kwenye trei, kidole kwa kidole. Kisha akakaa kwenye stuli, akalia upya, na safari hii hakucheka. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Baada ya muda mrefu shangazi aliinuka, akaingiza mkono mfukoni mwa ile aproni ambayo hakuwahi kuigusa tangu msiba. Akatoa kibanio cha nywele. Karatasi za chini zilikuwa zimekingwa na ile ya juu. Alichukua moja, akamwachia Chiriku akiweke kibanio juu yake mwenyewe na kuwasha taa. Kwenye dawa kilijitokeza cheupe, na meno yake yote.

"Hiki ndicho chake," shangazi alisema. "Umeniumiza, Chiriku, sikufichi. Lakini uongo ungeniumiza kila asubuhi. Siku nyingine ukikosea, niambie mapema, kabla sijatafuta msumari."