Hesabu ya Ijumaa Kijitoni

Kila Ijumaa saa tisa alasiri, wanafunzi wa klabu ya mazingira ya shule moja huko Gitting, wilayani Hanang, walishuka bondeni kuhesabu viumbe wa kijitoni. Walikwenda wawili wawili, kila jozi na sehemu yake. Marieta, msichana wa darasa la sita, alifanya kazi na Abdulrahmani, ambaye baba yake alikuwa na duka karibu na shule. Sehemu yao ilikuwa chini ya mashamba; jozi nyingine zilihesabu juu zaidi. Abdulrahmani aligeuza mawe na kutaja alichokiona. Marieta aliandika daftarini.

Mwalimu wao, Xavery, ndiye aliyewafundisha kuwatambua viumbe hao. Chini ya mawe waliishi kaa wadogo wa rangi ya udongo, na wadudu wembamba wenye mikia mitatu kama nyuzi. Kwenye matope walijificha watoto wa kereng'ende, ambao hukaa majini kabla ya kuota mabawa.

"Hawa wa mikia mitatu hawavumilii uchafu," mwalimu alipenda kusema. "Mkiwaona wengi, maji ni mazima. Wakitoweka, niambieni siku hiyo hiyo."

Alhamisi moja ya kiangazi, Basili, baba yake Marieta, alikuwa akipulizia kabichi dawa ya wadudu kwa bomba la mgongoni. Kabla hajamaliza kukusanya vyombo, jirani alimwita haraka, kwa kuwa ng'ombe wake alikuwa akizaa kwa shida.

"Marieta, suuza hili bomba," Basili alisema. "Chota maji kwa ndoo, ulisuuzie huku huku shambani. Yale machafu mwaga kwenye shimo. Usilipeleke kijitoni."

"Sawa, baba."

Shamba lao lilikuwa juu, na kijito kilikuwa chini kabisa. Marieta alikuwa amepalilia tangu alipotoka shuleni, na mikono ilimuuma. Alifikiria kupanda ule mlima na ndoo kichwani mara mbili au tatu, akaona heri alishushe bomba lenyewe. Ndani yake kulikuwa bado na dawa, nyeupe kama maziwa. Aliimwaga majini, akasuuza mara tatu, akasubiri mpaka weupe wote ukapotea.

Jioni baba alimuuliza kama amesuuza bomba.

"Ndiyo, baba," alijibu. Hakuulizwa alisuuzia wapi, naye hakusema.

Kesho yake, Abdulrahmani aligeuza jiwe la kwanza. "Hakuna kitu," alisema. Akageuza la pili. "Hakuna." Chini ya jiwe la tatu kulikuwa na kaa amelala chali, miguu yake haitikisiki. Wengine wawili walikuwa wamesukumwa na maji hadi kwenye nyasi. Wa mikia mitatu hakuonekana hata mmoja.

"Marieta, leo kuna nini?"

Marieta alitazama upande wa juu wa kijito, pale alipokuwa amechuchumaa jana.

"Labda ni baridi," alisema. "Tuandike kama wiki iliyopita."

"Kaa kumi na wanne? Mimi nimeona watatu, na wote wamekufa!"

"Mwalimu atatuuliza maswali mengi. Wewe nyamaza, mimi ndiye ninayeandika."

Abdulrahmani alimwangalia kwa mshangao. Kisha aliinua mabega, akainama kunawa uso.

"Usinawe hapo!" Marieta alipiga kelele.

"Kwa nini nisinawe?"

Kabla hajajibu, walisikia nyayo kwenye njia. Bibi Efrazia, aliyeishi ng'ambo ya kijito, alikuwa akishuka na dumu lake la maji.

"Shikamoo, bibi," walimwamkia pamoja.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mnahesabu tena kaa wenu?" Bibi alifungua kifuniko cha dumu. "Mimi nina haraka. Juliana ana homa, nataka nimpikie uji."

Juliana alikuwa mjukuu wake wa miaka miwili. Marieta aliangalia mdomo wa dumu ukigusa maji. Kalamu ilimdondoka. Alirukia lile dumu akalishika kwa mikono miwili.

"Bibi, usichote! Nimemwaga dawa ya kabichi humu. Jana. Ni mimi." Akaanza kulia.

Bibi Efrazia alilivuta dumu taratibu, akamwaga nje maji machache yaliyokwisha kuingia.

"Jana nilichota asubuhi, kabla yako. Namshukuru Mungu," alisema. "Haya, simama. Kulia hakusafishi maji. Nani wengine huchota huku chini?"

"Nyumba sita, bibi."

"Basi kimbia uwaambie. Mimi nitabaki hapa, atakayekuja nitamzuia."

Abdulrahmani alikimbilia kwa Mwalimu Xavery. Marieta alikwenda nyumba hadi nyumba. Katika kila mlango ilimbidi aseme, "Ni mimi niliyemwaga," na katika kila mlango maneno hayo yalikuwa mazito. Mama mmoja alimkemea vikali. Bahati nzuri, waliochota tangu jana jioni walikuwa wamefulia tu, na hakuna aliyekuwa amekunywa yale maji. Jioni hiyo mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba watu na mifugo watumie chemchemi iliyo juu ya mashamba mpaka afisa ugani atakaporuhusu.

Nyumbani, Marieta alisubiri fimbo. Basili alikaa kwenye kigoda, akamtazama.

"Nilikuambia usilipeleke kijitoni."

"Ndiyo, baba. Nilichoka. Halafu nikaogopa kusema."

"Umekosa," Basili alisema. "Na mimi nimekosa. Bomba la dawa si kazi ya mtoto, lingeweza kukudhuru wewe mwenyewe. Kesho tutakwenda pamoja kuomba msamaha."

Walikwenda, baba mbele na binti nyuma.

Watu waliporuhusiwa kuchota tena, kijito bado kilikuwa kitupu. Ijumaa tano mfululizo Marieta aliandika sifuri. Ijumaa ya sita, baada ya mvua za kwanza, Abdulrahmani alipiga kelele.

"Wa mikia mitatu! Wawili!"

Mwalimu Xavery aliinama kuwatazama, kisha akawaita wanafunzi wote.

"Hawa wameletwa na maji kutoka juu, ambako dawa haikufika," alisema. "Kaa watachelewa zaidi. Kijito huuawa kwa dakika tano, lakini kupona kwake huchukua miezi. Marieta alifanya uvivu, na viumbe wengi walikufa. Angeandika uongo siku ile, leo pengine tungekuwa tumemzika mtoto. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka, maana huko chini kuna mtu anayechota."