Dirisha Chini ya Ukurasa

Foleni ya Grande Barrière, pale mpakani kati ya Gisenyi na Goma, ilikuwa imefurika asubuhi ile, na Xavérine, gauni la njano limemkaa sawasawa, furushi kichwani, alikuwa akiigombeza simu yake.

"We simu, unanifanyia nini? Mutu wa Goma anangojea!"

Kijana mrefu mwenye shati jeupe, aliyesimama nyuma yake, akacheka. "Dada, simu haina kosa. Ukurasa ndio umegoma. Nitazame?"

Xavérine alikodisha mishanana, zile nguo za kujitanda za harusi, katika kiduka kidogo Gisenyi, lakini ukurasa wake wa mtandaoni ndio ulikuwa duka lenyewe. Akaufungua kwa neno lake la siri, akampa. Kijana akaingiza humo chombo alichokitengeneza mwenyewe, kisha akaitikisa simu mara moja. Lo! Chini ya picha za nguo kikapanda kidirisha cheusi, maandishi yakatiririka: kila picha ikiitwa, kila bei ikija, na palipokwama pakawaka nyekundu.

"Yesu wangu! Hii yote iko ndani ya duka yangu?"

"Siku zote. Kazi yangu ni kutengeneza dirisha la kuonea makosa ya kurasa. Naitwa Karenzi."

Jamani, penzi ni kikohozi. Haukupita muda, Gisenyi nzima ilijua. Jioni walikaa kando ya ziwa, Karenzi akiuliza, Xavérine akijaribu.

"Kitufe cha kufunga nikiweke wapi, mpenzi?"

"Huku chini, cheri. Gumba yangu haifike kule juu."

"Na dirisha likiziba picha?"

"Basi lisukumwe pembeni. Mi napenda kitu inajua kukaa pembeni."

"Kama mimi?"

"We? Hata kidogo!"

Xavérine alimtazama akilisogeza dirisha kwa kidole, akastaajabu. Kumbe mtu anaweza kuona kilicho chini ya vitu! Alimpenda mpaka akaogopa.

Ijumaa moja simu ikalia. Alikuwa Nyirabagenzi, mteja wake wa Goma, mama wa bibi harusi mmoja.

"Xavérine! Nilikuwa natembea, simu mukononi, naangalia oda yangu. Dirisha nyeusi ikatoka, maneno nyekundu! Wezi wameingia! Nguo zako sitaki tena!"

Kabla ya adhuhuri wateja wengine wawili walikuwa wamejitoa. Xavérine akaelewa, damu ikamchemka. Akampigia Karenzi.

"Uliachia watu wote dirisha yako?"

"Nilisahau kulifungia wateja. Na sikufikiria kwamba mtu akitembea haraka, simu inatikisika..."

"Hukufikiria! Donc, basi duka yangu ni ya kujaribia? Na mi pia ni ya kujaribia?"

Akakata. Karenzi akapiga na kupiga, hakupokea. Alilia, msichana wa watu, na swali lile likamrudia: alipendwa yeye, au duka?

Jumatano Nyirabagenzi akaingia dukani mwenyewe, kitenge kipya, uso wa bashasha.

"Nipe nguo zangu. Huyu kijana wako alivuka mpaka kwangu. Akasema kosa ni yake, si yako. Alienda kwa wateja wote. Na tangu Jumatatu iko barrière, kwa jua, anauliza wamama: 'Unashika simu namna gani ukitembea?' Mi sijaona mwanaume wa hivyo!"

Xavérine akakaa chini. Karenzi yule aliyejivunia chombo chake, kupiga hodi nyumba kwa nyumba! Akachukua simu.

"Uko wapi?"

"Nje ya duka lako. Naogopa kuingia."

Akatoka. Shati la Karenzi limejaa vumbi, shingo imeungua jua.

"Nimeondoa ile ya kutikisa," Karenzi akaanza. "Sasa linafunguka kwako tu, ukishikilia vidole vitatu..."

"Sikuuliza juu ya dirisha. Niliuliza juu yangu."

"Kazi ya duka lako niliimaliza jana, Xavérine. Leo sina kisingizio cha kuja. Nimekuja tu."

Xavérine akamsogelea. Hakuna kitu alichowahi kuonyeshwa kilichomshangaza kama mtu huyu.

"Niruhusu niwatume wazee kwenu," Karenzi akanong'ona.

"Jumapili," akajibu, machozi yakimtoka. "Na wasichelewe. Baba yangu hapendi."

Mlangoni, Nyirabagenzi akapiga vigelegele.