Kodi ya Vidole

Kidole cha shahada cha Nyemo kiliondoka chenyewe. Kilitua kwenye uzi wa nne wa gitaa, cha kati kikafuata kwenye wa tatu, cha pete kikajipenyeza kama mtu anayetafuta kiti kanisani ibada ikiwa imeshaanza. Mkono wa kulia ulipopapasa nyuzi, ikatoka kodi, sauti kadhaa kwa mpigo mmoja, ambayo Nyemo hakuwahi kuipiga tangu azaliwe. Kabla haijafifia, vidole vilikuwa vimeshahama. Ikaja nyingine, kisha nyingine. Aliutazama mkono wake wa kushoto kama unavyomtazama mgeni aliyeingia jikoni kwako mara ya kwanza, na tayari anajua sukari inakaa wapi.

"Usiusaidie," alisema Injinia Eufrasia Ndunguru, aliyekaa mbele yake na kioo chembamba mapajani. "Ukiusaidia unauchanganya. Wewe sikiliza tu."

"Nasikiliza, dada. Ila naona kama mkono wa mtu."

"Ni wako huo. Umekwenda shule bila wewe."

Mkono ulikuwa umevaa kumbukono. Ilikuwa glavu nyembamba kama ngozi ya kitunguu, iliyopitisha cheche ndogo za umeme hadi kwenye mishipa ya fahamu, pamoja na mkanda wa shingoni uliozungumza na ubongo. Kwa kawaida mtu anayejifunza kazi ya mikono hufyeka njia porini: leo anapita kwa shida, kesho afadhali, mpaka siku moja anapita huku akiwaza mambo yake mengine. Kumbukono ilibeba njia zilizokwisha kufyekwa na mabingwa, ikazipandikiza kwa mwanafunzi huku mkono wake ukitembea. Eufrasia aliibuni kwa ajili ya waliopooza. Katika Dodoma ile ya mapaa yaliyofunikwa mizabibu na vivuli vya barabarani vilivyojikunjua jua lilipokuwa kali, walikuwapo wazee waliorudi kula kwa mikono yao wenyewe kwa sababu yake. Sasa Chuo cha Jioni kilikuwa kinaijaribu kwa mafundi na wanamuziki, na Nyemo, mama wa mtoto mmoja, mpiga gitaa la rizimu wa kwenye maharusi, alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Alikuwa na sababu yake. Mzee Chiduo, mpuliza saksafoni wa Ukumbi wa Zabibu, alikuwa anatafuta mtu wa gitaa wa kumsindikiza. Bendi nyingi za mjini zilishahamia kwenye mtambo wa kusindikiza, uliomsikiliza mpigaji na kumwekea kodi nyuma yake bila kukosea. Chiduo aliukataa.

"Ule unajua ninakokwenda kabla sijanyanyua mguu," alisema. "Anayekusindikiza akikutangulia, huyo si msindikizaji. Ni mgambo, anakupeleka kituoni."

Alimjaribu Nyemo kwa wimbo mmoja, kisha akaishusha saksafoni.

"Mama Seche, nani kakufundisha?"

"Maharusi, mzee."

"Inaonekana. Unajaza ugali sahani nzima, mboga haina pa kukaa."

Akamweleza kwa upole. Nyemo alikuwa anapiga nyuzi zote sita, kodi nzima nzima, kama alivyozoea kwenye kelele za ukumbi. Mzizi wa kodi, alisema Chiduo, ni mali ya besi, mwachie mwenyewe. "Mimi nipe sauti ya tatu, ile inayosema kama kodi inacheka au inanung'unika. Nipe na ya saba, ile inayosema inataka kwenda wapi. Ukiona pana nafasi, juu yake kamulia ya tisa, kama limau. Halafu nyamaza nipite. Mgeni akiaga, si unatoka naye? Humvuti, humsukumi, unambebea mfuko mmoja. Humbebei yote ukamwacha anatembea mikono mitupu kama mfungwa." Akampa muda hadi sherehe ya mavuno ya zabibu.

Nyemo alielewa kwa kichwa. Vidole ndivyo vilivyokataa. Jioni alikuwa akipika huku akihesabu, ya tatu, ya saba, ya tisa, mpaka Sechelela, binti yake wa miaka sita, akamuuliza kutoka mezani:

"Mama, hizo kodi nazo zinalipwa?"

"Zinalipwa, mwanangu. Kwa vidole."

"Vyote?"

"Kimoja kimoja. Kula."

Baada ya majuma machache ya kumbukono, vidole vyake vilikuwa vimetajirika. Kodi iliyokuwa na umbo moja tu mkononi mwake sasa ilikuwa na maumbo kumi, mengine ya nyuzi tatu tu, mepesi, yenye rangi za kushangaza. Alikuwa anaamka akitamani kulishika gitaa. Mazoezini Chiduo alipuliza, akasikiliza, akapuliza tena, akamgeukia.

"Umekula nini wewe?"

"Nimekwenda shule, mzee."

"Basi usiache."

Nyemo alirudi nyumbani akitabasamu peke yake kwenye reli ya juu, abiria wakimtazama.

Jumapili jioni, kama kila Jumapili, alikaa kwenye kigoda, Seche katikati ya magoti yake, mafuta na kitana pembeni. Seche alimpakata mwanasesere wake aliyesukwa vilevile kama yeye: twende kilioni, mistari iliyonyooka kwenda nyuma, na mwisho wa kila mstari fundo dogo la nywele zenyewe, lisilotaka uzi wala mpira. Fundo hilo lilikuwa la marehemu mama yake Nyemo. Hakuwahi kufundishwa kwa maneno. Alisukwa, akasuka, vidole vikajua.

Akagawa nywele. Akashika mafungu matatu, akaanza. Mkono wa kushoto ukayaachia.

Akaanza tena. Mkono wa kulia ulifanya kazi yake, ukapeleka fungu, ukangoja kupokewa, hakuna aliyepokea. Vidole vya kushoto vilijipanga juu ya kichwa cha mtoto, shahada, cha kati, cha pete, umbo zuri kabisa la kodi ya tisa, vikatulia hapo.

"Mama, unanivuta."

"Pole, mama. Tulia."

Alijaribu kwa macho, polepole, kama mtu asiyewahi kusuka. Mstari ukapinda, ukalegea, ukafumuka. Mwishowe alimfunga mtoto kitambaa cha maua, akamwambia kesho ni siku ya kitambaa. Seche alikikubali. Nyemo alibaki kwenye kigoda akiuangalia mkono wake, na kwa mara ya kwanza hakuupenda.

Kesho yake alimkuta Eufrasia maabara. Alimweleza yote kwa sentensi mbili. Eufrasia hakubisha. Alimvalisha mkanda, akakiwasha kioo, na ndani yake ubongo wa Nyemo ukaonekana kama nchi inayotazamwa kutoka juu, yenye mito ya mwanga.

"Hapa palikuwa na njia," alisema, akiufuata mto mmoja kwa kidole. "Pana kweli, ya miaka mingi. Sasa inakwenda kwenye gitaa."

"Si ulisema inafyeka mpya?"

"Ndivyo nilivyoamini. Kumbe inafanya kama maji, ikikuta mfereji inaufuata." Alikifuta kioo kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi. "Kwa waliopooza hatukuliona hili, njia zao zilikuwa zimekufa. Kwako imekuta iliyo hai, inayofanana na ile iliyobeba, ikaigeuza. Ila sielewi. Nywele na gitaa vinafanana wapi?"

Nyemo naye hakuelewa. Alilichukua gitaa lililokuwa ukutani, akaviacha vidole vipige kodi mbili zinazofuatana, polepole kadiri alivyoweza. Akarudia, akisikiliza uzi mmoja mmoja. Kodi ya kwanza ilikuwa na sauti tatu. Kwenda kwenye ya pili, sauti ya chini haikuondoka. Ya juu haikuondoka. Ya katikati peke yake ilishuka, hatua ndogo kuliko zote zilizoko kwenye gitaa, na hapo kodi nzima ikabadilika sura, kama chumba mtu anapofungua pazia.

Akacheka kidogo, bila kutaka.

"Nini?" aliuliza Eufrasia.

"Mafungu matatu, dada. Mawili yanangoja, moja linahama, tena karibu tu. Halafu linangoja, linahama jingine." Akaliweka gitaa mapajani. "Hii ni kusuka."

Eufrasia alikitazama kioo, kisha akamtazama yeye. "Basi mashine ilichagua vizuri mno," alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari na aibu kwa pamoja. "Ninaweza kuirudisha njia ilivyokuwa. Siahidi kila kona, pembezoni huwa panaliwa kidogo. Na kodi zote ilizozileta kumbukono zitaondoka."

"Zote?"

"Za vidoleni. Ulichosikia kitabaki. Masikio hayakuvaa glavu."

"Na mavuno ni Jumamosi hii."

"Najua. Ndiyo maana sikuamulii." Akasita. "Pale sokoni pana mashine ya kusuka. Inamaliza kichwa kabla chai haijapoa."

"Naijua. Inasuka vizuri. Lakini haimuulizi mwanangu amegombana na nani shuleni."

Eufrasia aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mama Seche."

"Hukujua. Hata mimi sikujua kama nina njia pana hivyo." Akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya meza. "Irudishe."

Jioni hiyo vidole vyake vilikuwa vya maharusi tena. Aliketi na gitaa, akaijaribu kodi ya tisa, akapata mlio wa sufuria. Basi akafanya jambo ambalo jirani angelicheka. Alifunga nyuzi tatu za sufu kwenye mguu wa kiti, akasuka, macho amefumba, akihisi ni fungu lipi linahama na yapi yanangoja. Alipofika kama katikati alifumua, akashika gitaa, akazitafuta sauti tatu ambazo masikio yake yalizikumbuka, akahamisha moja. Akarudi kwenye sufu. Akarudi kwenye gitaa. Seche alikuwa anamshikia kiti kisisogee.

Siku hiyo na zilizofuata hakupata maumbo kumi kwa kila kodi. Alipata moja kwa kila moja, na kwa chache mawili. Lakini alijua kila sauti imetoka wapi na inakwenda wapi, na hilo kumbukono haikuwahi kumpa.

Jumamosi Ukumbi wa Zabibu ulijaa. Chiduo alianza taratibu, besi ikaingia, na Nyemo akangoja. Moyo ulikuwa unamwambia piga, jaza. Hakujaza. Chiduo alipomaliza sentensi yake, Nyemo aliweka sauti tatu tu, fupi, akaondoka. Chiduo akaendelea kutoka palepale. Nyemo akahamisha moja, akaziacha mbili. Mara moja alipotea kabisa, akanyamaza mpaka alipoiona njia tena, na ule ukimya wake ukamfanya mzee apulize kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumsikia akikipuliza. Mtu mmoja meza za mbele aliweka glasi yake chini bila kunywa.

Baadaye, akikausha saksafoni, Chiduo alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Zile kodi zako za juzi zimekwenda wapi? Zilikuwa nyingi."

"Nimezirudisha kwa mwenyewe, mzee."

"Umefanya vizuri. Zile zilikuwa zinaringa, zinanionyesha nguo zao." Akafunga kasha. "Mazoezi Jumanne. Usinicheleweshe."

Eufrasia alikuwamo ukumbini, nyuma kabisa. Kuanzia juma lililofuata, aliyekuja kuvaa kumbukono aliulizwa kwanza swali moja: mkono wako unafanya nini ambacho hungependa kukipoteza? Akishataja, mashine iliizunguka njia hiyo na kufyeka kwingine, ikichukua muda mrefu zaidi. Eufrasia alimsimulia Nyemo kwamba shida haikuwa kwenye mashine tena. Watu walikaa mbele ya swali hilo wakiigeuzageuza mikono yao, kama hawajawahi kuiuliza.

Jumapili Nyemo alikaa kwenye kigoda. Mafungu matatu yalipopita kushoto yalipokewa, kama ambavyo yalikuwa yakipokewa siku zote. Mstari ulinyooka hadi kisogoni. Hapo mkono ukasimama. Alingoja vidole vifunge fundo. Navyo vilikuwa vinamngoja yeye.

"Mama, mbona umesimama?"

"Nimesahau mwisho."

Alilisema kwa wepesi, lakini mama yake alikuwa amekwisha kufa, na hapakuwa na mkono mwingine duniani uliolijua fundo lile. Hiyo ndiyo kona iliyoliwa.

Seche hakugeuka. Alimnyanyua mwanasesere juu ya kichwa chake ili mama aone, akafumua fundo moja, akalifunga tena kwa vidole vyake vifupi. "Si hivi? Unazungusha. Unapitisha chini. Kwaheri bibi. Unavuta."

"Kwaheri bibi ndiyo nini?"

"Wewe si ndiyo unasemaga? Kila ukifunga."

Nyemo hakuwahi kujua kwamba husema. Alishika ncha ya nywele, akazungusha, akapitisha chini. "Kwaheri bibi," alisema, kwa sauti ndogo, akavuta.

Halikuwa fundo la mama yake hasa. Liliegemea upande, kama kitu kilichofundishwa na mtu wa miaka sita. Lakini lilikaza.

Seche alilipapasa kwa kidole kimoja, akaridhika. "Kodi imeisha kulipwa?"

"Bado upande huu," alisema mama yake. "Inamisha kichwa."