Jiwe Lililoshuka Uani

Ua wetu una mteremko. Mvua ikinyesha, udongo hushuka mpaka mlangoni. Mume wangu, ambaye ni mpaka rangi, aliamua kupanga mawe makubwa pale juu ili yauzuie.

Aliyavingirisha kutwa nzima. Akayaweka juu ya udongo, akayapaka chokaa mpaka yakang'aa. Jirani yetu, mama anayetengeneza bustani za shule, alichungulia.

"Shemeji, mbona hujayazika?"

"Niyazike? Nivunje mgongo kuyaleta, halafu niyafiche?"

Tukacheka. Hata mimi nilicheka, nakiri.

Mama mkwe wangu alipenda kukaa mteremkoni, chini ya jiwe kubwa kuliko yote, akichambua maharage. Mvua ilinyesha siku mbili. Siku ya tatu jua likatoka, naye akatoka na kiti chake. Mara simu yake ikalia ndani.

"Nani tena huyu?" akanung'unika, akainuka.

Hata hajaipokea vizuri, nilisikia kishindo. Nilitoka mbio. Kiti kilikuwa vipande vipande. Jiwe lilikuwa limekaa pale alipokuwa amekaa yeye. Maharage yalitapakaa ua mzima.

Mama alisimama mlangoni, simu sikioni, akisema "Haloo? Haloo?" kwa sauti isiyo yake. Aliyepiga alikuwa amekosea namba.

Mume wangu alikuja, akatazama kiti, akasawajika. "Mama..."

Jirani alikuja pia. Hakutusimanga. Alituonyesha mahali jiwe lilipotoka.

"Mvua imelainisha udongo, na jiwe halikuwa na kitu cha kulishika. Chimba shimo, theluthi yake iingie ardhini. Upande mpana ukae chini. Liegemee upande wa juu, lisiinamie nyumba. Kisha jaza kokoto na udongo, ushindilie kwa gogo. Na mkifanya kazi, mtu asisimame chini yake."

"Na chokaa yangu yote hiyo?" mume wangu aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Wataifaidi minyoo," mama mkwe akajibu. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aweke simu chini.

Tulichimba siku nne. Lile kubwa hatukulipandisha tena. Tulilizika palepale lilipoangukia.

Mvua zikarudi, wiki nzima. Kila kulipopambazuka nilikimbilia dirishani. Hakuna jiwe lililosogea. Udongo nao ulibaki juu, mlango wetu ukawa safi. Lakini mama aliendelea kuchambua maharage jikoni, mgongo ukiuelekea ua. Hilo lilimuumiza mume wangu kuliko maneno.

Asubuhi moja mama alitoka na fimbo yake. Aligonga jiwe moja baada ya jingine. Akasukuma lile kubwa kwa mguu. Kisha akaita aletewe kiti, akakiweka ng'ambo ya ua, mbali na mteremko, akaketi.

"Mama, umetusamehe?" mume wangu aliuliza.

"Jiwe nimelisamehe," alisema, akivuta sinia la maharage. "Wewe bado nakutazama."