Faili ya Wagonjwa Waliobadili Majina

Buberwa alivaa miwani ya jua sokoni Bukoba siku ya mvua ya Novemba. Hilo peke yake lingetosha kumwonya mwanamke yeyote mwenye akili zake, lakini Kokwijuka alikuwa ameinamia fungu la senene huku watu wakisukumana, na alipoinuka kulipa alikuta mwanamume huyo ameshalipa.

"Nimekununulia, dada," alisema Buberwa. "Mrembo kama wewe hapangi foleni."

Maneno ya bei rahisi, na Kokwijuka akayacheka. Alikuwa na gauni la kitenge cha kijani, mvua imemlowesha nywele zake fupi, na Buberwa aliyaona hayo yote vizuri sana. Vya nje aliviona siku zote.

Jumatatu wakakutana tena, ofisini kwa Kokwijuka. Mradi wa kliniki za dawa za Ukimwi ulikuwa umemleta Buberwa kutoka Dar es Salaam kama mtaalamu wa kompyuta, huyu mzaliwa wa Kamachumu aliyemsalimia hata mama yake mzazi kwa Kiingereza. Programu ya mradi alikuwa ameiandika Kokwijuka peke yake, katika chumba cha kupanga mtaa wa Kashai. Faili aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya kutafuta wagonjwa waliobadili majina. Miaka ile watu walijificha. Mtu wa Bukoba alikwenda kuchukua dawa Muleba kwa jina la uongo ili majirani wasimwone, kisha akaandikishwa tena mjini, na daktari akadhani ni watu wawili. Faili ya Kokwijuka haikulijali jina. Ililinganisha kijiji, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama, na vikifanana vya kutosha ilisema huyu ni yule yule. Mama yake Kokwijuka mwenyewe alifia kwenye visiwa vya ziwani akiuza samaki, kwa jina ambalo nyumbani hakuna aliyelijua. Walimtafuta sana, na kaburi hawajalipata hadi leo.

Mapenzi yakakolea upesi, maana Buberwa hakuwa bahili wa vocha. Kila jioni alipiga simu.

"Umekula, mama?"

"Nimekula ndizi za kwetu, ebitoke."

"Bila mimi vimeshukaje?"

"Vizuri kuliko jana ulipokuwepo," alijibu Kokwijuka, na wote wakacheka.

Kisha ikatangazwa kwamba Ijumaa wafadhili wangekuja kuchagua mtu wa kuisimamia programu hiyo mkoa mzima. Wangemchagua aliyeiandika. Alhamisi mchana Buberwa aliamua kuifanya kazi ionekane ya kisomi. Akaichukua faili ile, akaipa jina jipya la Kiingereza, akaiandika upya ndani, kisha akahifadhi yote kwa mkupuo mmoja.

Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hufundishwa asifanye hivyo. Mfumo unaotunza matoleo ya programu hauandiki popote kwamba faili fulani imebadilishwa jina. Mfumo wenyewe ukiona moja imetoweka na nyingine imezuka kwa pamoja, unalinganisha mistari. Ikifanana nusu au zaidi, unasema ni ile ile. Isipofikia hapo, unasema moja imekufa na nyingine imezaliwa. Ndiyo maana mwenye adabu hubadili jina kwanza, akahifadhi, ndipo aguse ya ndani. Buberwa alikuwa mtaalamu, adabu hiyo angeitoa wapi?

Ijumaa asubuhi Kokwijuka alikuta faili yake imefutwa. Mahali pake palikuwa na mpya, mwandishi Buberwa, mwanzo hadi mwisho. Akampigia simu.

"Umeniibia."

"Waitu, mpenzi wangu, sijaiba kitu. Nimepanga tu vizuri."

Akamkatia. Wageni walipofika, aliketi mbele yao na mbele ya mkuu wa ofisi, Mama Jovitha, akauamuru mfumo ulegeze kipimo, uhesabu hata kufanana kusikofikia nusu. Papo hapo ukakiri: faili ya Buberwa ni ile ya Kokwijuka, imebadilishwa jina. Hata maelezo aliyojiandikia Kokwijuka mwenyewe pembeni yalikuwa bado humo. Mwizi angeyafuta. Huyu hakuiba, bali hakufikiri kabisa kwamba kuna mtu aliyetangulia. Kazi akapewa Kokwijuka, na hasira ikampungua, kwa sababu alimpenda mno.

Jumapili Buberwa akaja Kashai, suti nyeusi, marashi yanatangulia. Aliomba radhi vizuri, kisha akapiga goti kwenye sakafu ya saruji.

"Nataka kukuoa. Krismasi unahamia kwetu Kamachumu, kwenye kibanja cha baba, kwenye migomba yetu. Utaitwa Mama Buberwa. Kazi utaiacha, nitakutunza, na hizo nywele utasuka. Kanisa nalo utahamia la kwetu."

"Yote hayo Krismasi hii?"

"Yote, mpenzi. Kwa mara moja."

Kokwijuka alikuwa amelisubiri swali hilo tangu Novemba, na moyo ulimuuma.

"Jina ningelichukua, Buberwa," alisema. "Lakini ukilibadili pamoja na vyote vya ndani, mtu atakayenitafuta ataambiwa nimekufa. Na mimi najua kutafuta mtu wa namna hiyo kulivyo."

Buberwa akainuka, akajipangusa vumbi gotini.

"Mpenzi," alisema akitabasamu, "hayo si mambo ya kompyuta tu?"

Kokwijuka akamfungulia mlango wa kutokea.