Ndoo Iliyojaa Bila Kujazwa

Saa kumi na mbili asubuhi mwalimu alimfungulia Chapuchapu mlango wa jikoni. Chapuchapu akapita moja kwa moja hadi sebuleni, fagio mkononi, akakanyaga maji.

Zulia lilikuwa chepechepe. Ndoo ya akiba, ile inayokaa ndani ya kabati chini ya tangi la samaki, ilikuwa imejaa mpaka inafurika. Lakini tangi lenyewe, lile la kioo lililo juu ya kabati, maji yake yalikuwa yamepungua karibu shibiri nzima, na mdomo wa chujio ulikuwa ukivuta hewa tupu. Samaki walielea kiubavu. Mmoja tu, mdogo wa rangi ya chungwa, alikuwa bado anahema pembeni.

"Umeniulia samaki," mwalimu akasema nyuma yake.

Jina hilo la Chapuchapu alipewa kwa sababu alikuwa akiosha vyombo wakati wenzake bado wanalamba vidole. Alikuwa mjane, mama wa watoto wawili, na kazi ya nyumba hiyo ndiyo iliyowaweka shuleni. Kufikia saa tatu mkoba wake ulikuwa umefungwa, umewekwa mlangoni. Zulia alilitoa nje akalianika, maana hakutaka kuacha kazi nusu.

Saa hiyohiyo akafika dada mkubwa wa mwalimu, amekuja tu kuwajulia hali. Dada huyo alikuwa mpelelezi wa polisi. Kazini walimwita Sindano: huingia polepole, ukija kushtuka umeshachomwa.

"Huyu na mkoba anakwenda wapi?" akauliza kabla hajaketi.

"Anakwenda kwao," mwalimu akajibu. "Kila siku namwambia punguza haraka, hasikii. Jana jioni amejaza ndoo kupita kiasi, maji yamemwagika usiku, pampu imeungua. Ona!"

"Mimi nilijaza mpaka kwenye alama, shangazi," Chapuchapu akamwambia Sindano, akimwita hivyo kwa heshima. "Alama ile ya kalamu nyekundu. Sikuzidisha hata tone."

Sindano akaketi. Aliomba chai, akaomba pia aelezwe mtambo wa tangi unavyofanya kazi.

Mtambo ulikuwa mgeni humo ndani. Samaki hao ni wa maji ya chumvi. Maji ya tangi hukauka kidogo kidogo kwa joto, lakini chumvi haikauki, hubaki. Ndiyo maana hujaziwa maji yasiyo na chumvi. Mwalimu alichoka kujazia kwa jagi, akamwita fundi. Fundi akatia boya ndani ya tangi, kama lile la tangi la choo. Maji yakishuka, boya linashuka nayo, na pampu ndogo ndani ya ndoo inawaka, inapandisha maji kwa mrija. Yakifika pake, inazima. Mrija wenyewe umeshikwa na kibanio juu ya maji, unadondosha.

Sindano alitia kidole kwenye ndoo, akakilamba. Akakilamba tena.

"Chumvi mliiweka nyinyi?"

"Ndoo hiyo haiwekwi chumvi," mwalimu akasema.

Sindano akampigia fundi simu.

"Fundi, hivi maji ya tangi yanaweza kurudi kwenye ndoo?"

"Hayawezi, mama. Labda mrija uzame. Ukizama, pampu ikizima maji yanaufuata mrija yanarudi chini. Boya linashuka, pampu inawaka tena, inazima, inawaka, mpaka inaungua. Hapo maji yanateremka tu. Lakini niliwaambia wote: mrija usiguse maji! Kwani umezama?"

"Uko juu, kwenye kibanio chake."

"Basi kuna mtu kaurudisha," fundi akasema, akacheka. Sindano hakucheka.

Aliuchunguza mrija kwa miwani. Kuanzia nchani, shibiri nzima ilikuwa na ukoga mweupe wa chumvi. Nje kwenye kamba, zulia lilikuwa limeanza kukauka ukingoni, na pale lilipokauka palibaki mabaka meupe kama unga.

"Njoo uone," akamwita mdogo wake. "Maji ya Chapuchapu ni ya bomba. Yakikauka yangeacha hivi? Zulia hili limelowa maji ya tangi. Ndoo haikujazwa na mtu. Imejazwa na tangi."

Mwalimu alisafisha koo. "Basi aliusukuma mrija alipokuwa akifuta kioo."

"Ulifuta kioo saa ngapi?" Sindano akamuuliza Chapuchapu.

"Kabla ya magharibi, shangazi. Kisha nikaenda chumbani kwangu uani. Mlango wa jikoni hufungwa kwa ndani."

Mke wa mwalimu, mshonaji, alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha la sebule. Hakuinua uso. Sindano akavuta kiti.

"Wifi, nasikia uliapa utalivunja tangi hili."

"Niliapa, na ningelivunja mchana watu wakiona," mshonaji akasema. "Mtu anawasalimia samaki asubuhi, mimi ananipita kama mlango."

"Jana ulishona mpaka saa ngapi?"

"Saa nne. Nikaingia kulala."

"Wakati unaondoka, mrija ulikuwa ukidondosha?"

"Ulikuwa ukidondosha, to, to, to. Unatafuna masikio!"

"Na feni uliwasha?"

"Feni na vitambaa vya hariri, wifi? Vingeruka vyote."

Sindano aliitazama feni ya kusimama. Shingo yake ilikuwa imekazwa, inalitazama kochi refu, upande wa kulaza kichwa.

"Kwa hiyo mpaka saa nne mrija ulikuwa juu. Chapuchapu yuko nje, mlango umefungwa. Ndani mlibaki wawili. Usiku ulitoka chumbani?"

"Sikutoka."

"Na mumeo?"

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. "Tulilala wote."

Sindano akamfuata Chapuchapu jikoni.

"Wewe ndiye unayetandika kitanda chao. Nani analala wapi?"

Chapuchapu alikuwa akifuta meza iliyokwisha kuwa safi. "Mambo ya chumbani si ya mfagiaji, shangazi."

"Unafukuzwa, mwanangu. Neno moja lingekusaidia."

"Mfagiaji mtoa siri haajiriwi tena. Watoto wangu watakula neno hilo mpaka lini?"

Sindano alirudi sebuleni, akawaita wote. Akakaa kwenye kochi, akajinyoosha kidogo.

"Mimi namshuku wifi," akasema. "Tone lilimkera, akauzamisha mrija lipate kunyamaza, akalala."

"Chumbani halisikiki!" mwalimu akadakia. "Mlango ukifungwa husikii kitu. Ni hapa ndipo linapomtesa mtu. Ukipata usingizi, to! Ukigeuka, to!"

Hata yule samaki wa chungwa alionekana kusikiliza.

"Ukigeuka wapi, mdogo wangu?" Sindano akauliza taratibu. "Kwenye kochi hili, feni ikikupuliza kichwani?"

Mwalimu akaketi sakafuni kama mtoto.

"Nilitaka linyamaze tu," akasema. "Fundi nilimsikia, lakini usingizi hauna masikio. Asubuhi nimeamka, mguu umeingia majini. Nikaurudisha mrija. Nikasikia Chapuchapu anagonga."

"Ukaona heri afukuzwe yeye?"

"Ningesemaje, dada? Kwamba mke wangu amenitoa chumbani? Ungemwambia mama. Mtaa mzima ungejua."

"Sikukutoa," mshonaji akasema. "Ulihama mwenyewe. Nikangoja useme neno. Ukawaambia samaki."

Mwalimu aliinuka, akaenda mlangoni ulipo mkoba.

"Nisamehe, Chapuchapu. Nilikusingizia nikijua."

Chapuchapu akauchukua mkoba.

"Leo nakwenda kuwaona wanangu. Jumatatu nitarudi. Maji haya mfute wenyewe, na msiwe na haraka."

Jumatatu alirudi. Fundi alikuwa ameleta pampu mpya na kuufunga mrija kwa waya, asiweze mtu kuusukuma. Samaki wa chungwa alikuwa akizunguka peke yake. Chapuchapu alifagia sebule, akaingia chumbani, akatandika kitanda, akaitazama mito.

Adhuhuri Sindano akapiga simu.

"Nambie, mwanangu. Umetandika mto mmoja au miwili?"

"Mambo ya chumbani si ya mfagiaji, shangazi," Chapuchapu akasema, akakata simu akicheka.